Mizani Isiyojua Lumbesa

Saa kumi na moja alfajiri, Handali bado giza,
nilipita nyumba kwa nyumba na boksi la barafu
nikiomba kitu ambacho hakuna anayekiomba.
"Haja ndogo ya kwanza, kabla ya chai," nilisema,
na wanawake wakacheka hadi wakaegemea ukuta.
Ndahani akauliza kama huko mjini wameishiwa ya kwao.
Mama alileta yake imefungwa kwenye pindo la kanga,
kama hela.

Chupa sitini, namba bila majina.
Njiani pikipiki iliruka shimo, kibandiko kimoja kikabanduka;
nikakiandika upya gotini, kando ya uzio wa minyaa:
arobaini na moja.

Mashine yetu inanguruma kama kinu cha kusaga kilicho mbali.
Matone mawili yanaitosha.
Inayapuliza yawe ukungu, inayapa chaji,
inayarusha kwenye utupu ambamo hata vumbi la Dodoma halijafika,
na kila molekuli inatokea upande wa pili na uzito wake.
Pale Kibaigwa nimeona gunia likivishwa kofia,
kilo mia zikawa mia na thelathini
na mkulima akasema asante.
Hii haina kofia. Haijui lumbesa, haijui shemeji.

Huyu alikunywa chai kabla, ingawa nilimkataza.
Huyu alimeza panado.
Na yule aliyeapa kwamba tumbaku aliiacha mvua za mwaka juzi,
kotinini yake imesimama kwenye mia moja sabini na saba,
wima kama mlingoti wa shule.
Nikacheka peke yangu saa nane usiku.

Tulikuwa tunatafuta sumukuvu,
ile inayojificha kwenye karanga zilizoanikwa mvua ikiwa haijaisha.
Ini huigeuza kidogo, mkojo huitoa,
nayo huonekana kwenye mia tatu ishirini na tisa.
Ukiivunja inabaki mia mbili sabini na tatu,
ndipo unajua ni yenyewe, si jamaa yake.

Kwa sampuli safi tulitumia mkojo wangu.
Mstari ulilala kama mbuga ya Bahi wakati wa kiangazi.
"Wewe unakula nini?" Dokta Msagati aliuliza.
Nikamjibu kwa maringo:
karanga za nyumbani. Mama hunitumia kila mwezi,
zimeshachambuliwa.

Ikaingia ya arobaini na moja.
Kilele kikapanda hadi nikadhani ni kosa.
Nikaosha kwa methanoli, nikarudia.
Kikapanda dakika ileile, palepale.
Nikaitoa chupa kwenye kasha.
Mwandiko ulikuwa wangu, ule wa gotini.

"Mbukwa, mama."
Nilisikia kuku, kisha mlango wa bati.
"Zile mbovu unazochambua, huwa unazipeleka wapi?"
"Chakula hakitupwi," alisema. "Nazitwanga.
Kwenye mlenda hazijulikani."

Nikamtajia namba.
Akauliza kama hiyo mia tatu na ushee ni shilingi au kilo.
Nikaeleza, nikaeleza tena, nikachoka, nikamwomba tu:
mwezi ujao nitumie zote,
nzima na mbovu, nitachambua mwenyewe.
"Sawa," alisema, upesi mno.

Kiroba kimefika leo stendi, kimevimba,
kimeshonewa kofia.
Nimekimwaga juu ya magazeti, nimeinama hadi shingo ikauma:
zilizosinyaa huku, zenye ukungu huku,
zilizotobolewa na wadudu karibu na goti langu.
Nimepata kumi na moja.
Kiroba kizima, mavuno ya msimu ule wa mvua,
kumi na moja.

Nimezihesabu tena.