Zamu ya Verlyn

Saa sita kasoro robo, rada ina doa jekundu
magharibi, juu ya mashamba ya kina Hostetler.
Verlyn Duerksen kaegesha pikapu kilimani,
kioo kashusha, redio mkononi,
kahawa ya chupa imekwisha kupoa.

"Yaja," asema. "Maili sitini kwa saa."
Bondeni mji umelala fofofo:
taa ya kituo cha mafuta, taa ya zahanati,
na ya Ardith, mjane, asiyezima tangu Julai ile
paa la ghala lake lilipong'oka
likaokotwa kaunti ya pili.

Ngurumo bado. Umeme tu,
unawasha mawingu kwa ndani
kama mtu atafutaye kitu chumbani kwa kurunzi
asitake kuwaamsha wenzake.

Mahindi yamesimama wima. Hata nyenje kimya.
Kisha baridi ya ghafla, yenye harufu ya udongo
wa shamba la mtu mwingine
lililokwisha kulowa.

Atoa neno redioni. King'ora chalia.
Moja moja madirisha yafumbua macho;
watu washuka vyumba vya chini na mablanketi,
watoto, mbwa, kasa mmoja ndani ya ndoo.
Verlyn ahesabu taa. Kumi na tisa. Ishirini.
Ya Ardith yazimika.

Keshashuka? Au nguzo imelala?
Mvua ya mawe yaanza kugonga boneti.
Nebraska nzima yaambiwa ijifiche,
naye, mwenye kuiambia,
apiga gari moto,
ateremka kuelekea pale penye giza.