Gundi Haina Haraka

Debrecen hakuna bahari.
Kuna tramu, kuna ukungu wa Novemba,
na kwenye ghorofa ya nne, kando ya jokofu,
lita mia mbili za maji ya chumvi
niliyoyakoroga mwenyewe kwa mwiko wa plastiki.

Kazi yangu ni meno. Meno ya bandia,
ya wauza maua, ya dereva wa tramu namba moja.
Najua kitu kinavyong'ang'ania kitu.
Nilidhani najua.

Tumbawe la kwanza, zambarau, refu kama kidole gumba,
Vilmos alinipa ndani ya kopo la mtindi
siku alipouza tangi lake akahamia Graz.
Nikalibandika jioni. Asubuhi liko mchangani, kifudifudi.
Nikabandika tena. Konokono akalisukuma
bila chuki, kama mtu apitaye sokoni na kapu pana.
Mara ya tatu nikalaani gundi, nikapiga teke ndoo,
maji yakamfikia Bwana Gerzson wa chini.
Yakimwagika hayazoleki, wanasema.
Niliyazoa. Taulo tatu, na radhi hadi mlangoni kwake.

Sasa Csenge, shika tochi.
Zima pampu kwanza, maji yasahau kwenda.
Sugua mwamba kwa mswaki mpaka ute wa kijani utoke:
gundi ikishika ute imeshika uongo.
Kausha kitako cha tumbawe kwa karatasi. Kitako tu,
nyama yake usiiguse.
Tone la gundi. Donge la epoksi,
lililokandwa mpaka rangi mbili ziwe moja.
Juu ya donge, gundi tena.
Zamisha. Tafuta ufa, si mgongo laini wa jiwe,
na usibandike kama stempu: zungusha,
robo tu, kama unafunga chupa ya dawa,
ngozi ya gundi ipasuke, ubichi wake uguse jiwe.

Halafu shikilia.
Hapa ndipo nilipokosea miezi minne.
Shikilia vidole vikifa ganzi, simu ikilia,
hesabu vituo vyote hadi Msitu Mkubwa, kisha urudi.
Usilivute kujua kama limeshika.
Kulijaribu ndiko kulibandua.

Bibi Piroska, alipokuja kunolewa meno ya chini,
aliniambia: Wiki ya kwanza yalikuwa yako, binti.
Siku moja nikauma tufaha nikasahau.

Leo, siku ya tisini na kitu,
nimeinama na lenzi ya kazini.
Pembeni mwa donge kuna utando wa zambarau,
mwembamba kama ukingo wa ufizi.
Umepanda juu ya gundi yangu, umeimeza upande mmoja,
umeshukia jiweni bila kuniuliza.

Nawasha pampu.
Tumbawe halitikisiki. Vinyweleo vyake tu vinayumba.
Chini, Bwana Gerzson anagonga dari kwa ufagio:
saa nne usiku, na bahari yangu inanguruma.