Daftari la Walio Hai

Kila Alhamisi baada ya isha
nafunga kibanda cha kutuma pesa pale Langoni,
navuta stuli, nafungua daftari la mistari mipana
na kuanza kuhesabu walio hai.

Kikosi chetu kina nafasi thelathini, haziongezeki.
Mchezo una sheria yake fupi:
aliyeingia ndani ya siku saba ana kitone cha kijani,
asiyeingia, kitone chake hugeuka kijivu,
na kijivu, wakubwa wa ligi wameamua, ni kutolewa.
Hawaulizi uliingia kufanya nini.

Basi Kupi ni hai.
Huingia alfajiri, huokota sarafu za bure, hutoka,
kama aendaye hitimani kwa ajili ya pilau.
Mwaka mzima hajarusha mshale.
Bwanaadi ni hai mara mbili:
ana simu mbili, majina mawili,
na la pili kazi yake kulisifu la kwanza.

Shekuwe si hai.
Simu yake ilizama gatini, ikatoka mfuko wa shati
alipoinama kupokea gunia la vitunguu.
Tangu hapo husimama nyuma yetu barazani,
kidevu juu ya bega la mtu:
"Kushoto! Kushoto, wewe! Mlango wa kisima uko wazi!"
Vita vitatu tumeshinda kwa mdomo wake.
Mdomo hauna kitone.

Nilimwandikia mkuu wa ligi, mtu wa Tanga nisiyewahi kumuona:
anayeuona mchezo wote bila kuugusa, mnamhesabu wapi?
Akanijibu kwa picha ya kidole gumba,
kimeelekea chini.

Halafu kuna Lali.
Lali yuko Dammam, analinda ghala,
na simu yake ya zamani alimwachia mamake:
"Kila siku bonyeza hapa, mara moja tu,
wasije wakanitoa."
Bi Mwanajaa hajui mchezo.
Anajua sala ya alfajiri, kisha miwani, kisha kitufe cha manjano.
Siku mia na kumi na mbili hajakosa,
hata ile wiki umeme ulipopotea Amu nzima
alimtuma mjukuu hospitalini na simu,
akaombe chaji ya jenereta.
Kwenye orodha yangu
hakuna aliye hai kumshinda Lali.

Jumamosi, saa tano usiku, tulivamiwa.
Kumi na saba tuko ukutani,
na Lali pale langoni anaposimama siku zote,
ngao mkononi, kifua kikipanda na kushuka
kwa pumzi waliyomchorea.
Mara akasogea.
Hatua mbili. Akageuka. Akageuka tena.
Shekuwe akapiga ukelele, dirisha la jirani likafunguka:
"Lali amerudi! Mfuateni!"
Tukashuka wote kumi na saba
nyuma ya mtu anayezunguka kama pia,
tukachinjwa hadi wa mwisho.

Jumapili nilikwenda Mkomani na maneno yangu mdomoni.
Nikamkuta Bi Mwanajaa anachagua mchele.
"Nalitaka kumuona uso," akasema.
"Kila siku ananipa mgongo.
Nikasema, leo sikulala, hebu nimgeuze."
"Ukamuona?"
Akatoa kijiwe kwenye sinia, akakiangalia.
"Kila nikimgeuza, na mimi nahamia nyuma yake."

Leo mashine inasema thelathini, wote kijani.
Mimi daftarini nimemwandika Shekuwe, kwa wino,
pembeni, maana mistari imejaa.
Nimemfuta Bwanaadi mmoja, sijui ni yupi.
Kwa Lali kalamu imesimama.

Saa tatu na robo. Kitone chake kimewaka sasa hivi,
na huu si wakati wa mamake.
Yuko langoni na ngao yake.
Anageuka, polepole,
polepole zaidi ya Jumamosi.