Kidole Gumba

Tangu aokoke, mama yangu Saturnina
ameondoa kidole gumba kwenye mizani.
Soko zima la Ayaviri limeshangaa:
kilo ya viazi sasa ni kilo.

Lakini kila Alhamisi lori hupanda kutoka Juliaca
na mizani ya mnunuzi,
na gunia la mama
hupungua kilo nane kwa hatua sita.

"Tumwombee," asema mchungaji.
Mjomba Eleuterio, diwani, akaleta sheria;
sheria ikaleta mkaguzi;
mkaguzi akala mwanakondoo,
akagonga muhuri bila kutazama.

Nimeomba. Nimepiga kura.
Jana nimeokota jiwe mtoni,
nikalipima zahanati, kwenye mizani ya vichanga:
kilo nne kamili.
Nesi alicheka, akauliza jina la mtoto.

Alhamisi
litatangulia gunia.