Mita Sitini

Mara ya saba tumekuja, na benchi la korido
limeshazoea mifupa yetu.
Bi Ndeonasia, mwenyekiti, nesi mstaafu wa Mawenzi,
amepakata faili kama kichanga cha siku moja,
kiganja chini ya shingo.
Mimi ni katibu. Nina kalamu mbili:
moja ya muhtasari, moja ya yasiyoingia humo.

Yanayoingia: chemchemi iliyo kando ya Msitu wa Rau,
barua nne zisizojibiwa,
kigingi cha saruji kilichohama usiku
hatua kumi na nane kuelekea majini,
na sheria, ambayo hatukuitunga sisi:
mita sitini kutoka ukingoni, pasijengwe.

Yasiyoingia: Mwanaidi Msangi kauza kuku wawili, ndiyo nauli yetu.
Kijana wa mapokezi hunong'ona,
"Mkubwa yupo, ila hayupo."
Mtaani wanatuita Wapiga Porojo wa Maji,
na wanaocheka huchota palepale.

Saa saba kasoro tukaitwa.
Ofisi ilinuka rangi mpya na chai ya tangawizi.
Mkubwa akasema mchakato. Akasema wadau.
Akasema, "Maendeleo hayamsubiri chura."
Bi Ndeonasia, taratibu, kama atafutaye mshipa:
"Chura naye hasubiri, baba. Anahama.
Sisi tutahamia wapi?"

Ndipo nikamwona Eliamringi, seremala wetu,
mtu wa maneno ya kuhesabu, kucha nyeusi kwa vanishi,
akipapasa meza ya mkubwa kwa chini.
Mkono ukasimama. Kidole kikasoma.
"Alama yangu hii," akasema.
"Mvule huu niliupasua mimi.
Ulisimama juu ya chemchemi ileile.
Mwaka ule nilidaiwa ada."

Feni ikazunguka.
Sikujua niandike kwa kalamu ipi.

Mkubwa hakusaini, tusidanganyane.
Alisema turudi Alhamisi.
Ila aliinua kikombe,
akafuta duara la chai mezani kwa kiganja,
akafuta tena palipokwisha kukauka.

Eliamringi hakutaka kwenda nyumbani.
Akatoa futikamba yake ya mita tano,
tukaanza ukingoni, yeye mbele, mimi nyuma,
tukihesabu kwa sauti.
Mara ya tisa tukafika kwenye uzio wa godauni.
Mlinzi akatutazama kitambo,
akaegesha rungu,
akapokea ncha ya futikamba upande wa ndani, akauliza:
"Kwani mnajenga nini?"