Mizani ya Mwaloni

Wifi Limi, ulianza mwenyewe
mfungo wako usio wa dini:
asubuhi maji ya ndimu, mchana tango,
jioni unautazama ugali wa wenzio kama picha ya ukutani.
Gauni la harusi ya Kwandu lilikuwa limegoma kiunoni.
Nikacheka. Nikakupandisha kwenye mizani ya dagaa
pale Mwaloni, kati ya gunia la Ukerewe na gunia la Ukara.
Themanini na sita. Nikaandika kwa chaki kwenye nguzo.

Sabini na tisa. Wachuuzi wakapiga vigelegele.
Sabini na tano. Mama Nyanzobe akaomba siri,
akaiandika nyuma ya risiti ya ushuru.
Gauni likaingia. Ukacheza mpaka kisigino kikakatika.

Kisha ukala. Niliona kwa macho yangu:
sato mzima, wali sahani mbili, na soda juu yake.
Ukasema basi, kazi imekwisha.

Sabini na moja.

Hapo chaki ilinitetemeka mkononi.
Mimi ni mtu wa kupima, wifi.
Gunia likipungua njiani bila kufunguliwa
hatusemi hongera.
Tunatafuta tundu.

Na wewe unapungua ukiwa umeshonwa.
Dumu la maji ulilolaza mvunguni
linakauka kabla jogoo hajawika.
Mlango wa choo unalia usiku, mara tano, mara sita;
kaka anadhani ni paka.
Na jana ulishika simu mbele ya taa
ukaniuliza mimi kama ile ni tatu au nane.

Watu bado wanasema umependeza.
Shingo imetoka, wanasema, kama ya msichana.
Waache. Sifa haijawahi kumpima mtu damu.

Usisubiri mnada upite.
Kesho nafunga mizani saa mbili,
tupande kilima cha Bugando polepole.
Ukichoka tutakaa juu ya jiwe,
Mwanza haijaishiwa mawe.
Mwambie daktari yote: ndimu, tango,
na vile vidonge vya kukata hamu
ulivyovifunga kwenye pindo la kanga.
Usimpunjie hata gramu.

Namba za kwenye nguzo sijazifuta.
Nimezinakili kwenye karatasi, na tarehe zake.
Labda yeye atajua kuzisoma
kuliko sisi tuliopiga vigelegele.