Dakani, Mkomani

Mvua ilipomkuta Shekuwe mtaani kwetu
nilimwambia, "Kaa hapo dakani,"
upesi, kama mtu anayejibu salamu.

Kisha nikasimama ukumbini, nimeshika kikombe,
nikijiuliza sauti ile ilikuwa ya nani.
Si yangu. Mimi sikumbuki kuamua.
Ya mama? Naye aliirithi,
pamoja na funguo na lile sinia lililotoboka.

Zidaka za chumba cha ndani
babu yake Shekuwe ndiye aliyezichonga;
alishinda humo miezi saba, mikono imejaa chokaa.

Sasa mgeni ni nani?

Nikarudi na chai, nikaketi naye kwenye jiwe baridi.
Akasogea, upesi:
"Ingia ndani, bwana. Hapa si pako."

Sauti ni ileile.